Kilomita bila lita: magari yanayojiendesha na hesabu ya barabara zetu

Asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya saa mbili, barabara itokayo katikati ya Jiji la Dodoma kwenda Mji wa Serikali Mtumba hujaa magari yenye watu wawili wawili: dereva mbele, mkubwa nyuma. Saa tatu ikikaribia, mengi ya magari hayohayo huonekana yakirudi mjini, na safari hii ndani yumo dereva peke yake, ambaye ametumwa kumpeleka mtoto shule, kufuata bahasha iliyosahaulika mezani au kuchukua vitafunwa vya kikao. Mchana hupanda tena, na saa tisa na nusu, watumishi wanapotoka, hupanda mara nyingine. Kutoka mjini hadi Mtumba ni kilomita zipatazo 17. Kwa hiyo mkubwa anayeishi mjini husafiri kilomita 34 kwa siku, ilhali gari lake linaweza kuifunga siku likiwa limetembea mara mbili au tatu ya hizo. Ukifungua daftari la safari, lile ambalo madereva huliita logibuku, utaziona zote zimepangwa kwa mistari, kutoka hapa kwenda pale, na mwisho wa kila mstari saini ya mwenye gari, hata kwa safari ambazo yeye hakuwemo.

Naanza na magari haya kwa sababu habari za magari yanayojiendesha husomwa kwetu kama hadithi za nchi za watu, wakati sehemu moja ya habari hiyo tunaiishi tayari. Gari lenye dereva wa kuajiriwa, ukilitazama kwa macho ya anayelimiliki, halina tofauti kubwa na gari linalojiendesha: analiambia liende, linakwenda, analiambia lirudi nyumbani limsubiri, linarudi. Watafiti wa California walitumia hila hiyohiyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, washiriki 13 wa eneo la San Francisco walipewa madereva kwa juma moja bila malipo, ili ionekane wangefanya nini siku wakiwa na gari lisilohitaji mtu wa kulishika usukani. Umbali uliotembewa na magari yao uliongezeka kwa asilimia 83, na sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa safari ambazo mwenye gari hakuwemo kabisa. Watu 13 ni wachache mno kujengea sera, lakini mwelekeo wake hautamshangaza mkazi wa Dodoma. Kinachozuia gari lisitembee ovyo ni uchovu wa mwenyewe kuliendesha, na uchovu huo ukiondoka, kilomita huzaliana.

Ni vyema kwanza tukubaliane tunazungumzia gari la aina gani. Wahandisi wa magari huyapanga katika ngazi kuanzia sifuri hadi tano. Magari mengi mapya yanayotangazwa kuwa "yanajiendesha" yako ngazi ya pili: hushika njia na kupunguza mwendo yenyewe, lakini dereva anatakiwa kutazama mbele muda wote na ndiye mwenye lawama. Jambo linalobadilisha hesabu za serikali huanzia ngazi ya nne, ambapo gari hutembea bila mtu yeyote mwenye wajibu ndani yake, ingawa katika maeneo yaliyopimwa na kuchorwa ramani tu. Kampuni ya Waymo ilifungua huduma ya namna hiyo kwa umma huko Phoenix, Marekani, mwaka 2020. Nchini China, Baidu inaendesha teksi zake zisizo na dereva Wuhan na kwingineko. Njia haikuwa nyoofu. Mwaka 2018 gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huko Tempe, Arizona, na mwaka 2023 kampuni ya Cruise ilinyang'anywa kibali California baada ya gari lake kumburuta mtu aliyekuwa amekwisha kugongwa na gari lingine. Ngazi ya tano, yaani gari linaloweza kwenda popote mtu anapoweza kwenda, haijafikiwa na yeyote.

Sasa tuje kwenye fedha. Barabara huchakazwa na kilomita na uzito, lakini Tanzania, kama nchi nyingine nyingi, hukusanya fedha ya kuzitunza kwa lita. Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta ni ya mwaka 1985, na Mfuko wa Barabara pamoja na bodi yake ulianza kazi kwa sura tunayoijua mwaka 2000, mwaka uleule ilipoundwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko ziende kwenye matengenezo, na kisima chake kikuu ni tozo inayolipwa pale kwenye pampu. Mwaka 2017 tuliifunga kamba hiyo zaidi. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile iliyozoeleka kwa jina la rodi laisensi, ilifutwa, na mahali pake ukaongezwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Wengi tulishangilia, na tulikuwa na haki: ada ile ilimdai hata mtu ambaye gari lake lilikuwa juu ya matofali uani, na madeni yake yalirundikana miaka na miaka. Mwaka 2021 ikaja shilingi 100 nyingine kwa lita, safari hii kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA.

Tuchukue nyongeza hizo mbili tu, shilingi 140 kwa lita, tuziache tozo na kodi nyingine zilizotangulia. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita na kutembea kilomita 1,500 kwa mwezi hunywa lita 150, na kwa hiyo mwenye gari hutoa shilingi 21,000 kwa mwezi bila kujaza fomu, bila kupanga foleni na bila kukumbushwa na mtu. Huo ndio uzuri wa tozo ya mafuta, na sidhani kama kuna kodi nyingine nchini inayokusanywa kwa usumbufu mdogo kiasi hicho. Anayetembea sana hulipa sana. Lori linalokunywa zaidi hulipa zaidi. Mkwepaji hana pa kukwepea, maana gari bila mafuta haliendi.

Gari la umeme linakwenda. Hapa kuna mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara, nami ningependa yatenganishwe. Gari linaweza kujiendesha huku likitumia petroli, na pikipiki ya umeme inaweza kuendeshwa na kijana wa bodaboda kama kawaida. Hata hivyo huduma za teksi zisizo na dereva zimeegemea umeme. Magari meupe ya Waymo aina ya Jaguar I-Pace ni ya umeme mtupu. Sababu yake ni ya kibiashara. Gari linalofanya kazi mchana na usiku bila kulala huangaliwa kwa gharama ya kila kilomita, na gari lililojaa kamera, rada na kompyuta linahitaji umeme mwingi wa uhakika hata likiwa limesimama. Kwa hiyo umeme unaifuta lita, na kujiendesha kunaongeza kilomita, kisha vyote viwili vinafika kwenye gari moja. Hapo ndipo mfuko unapobanwa pande zote mbili, mapato yakishuka wakati kazi inapanda.

Kuna anayeweza kusema kwamba hata treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inatumia umeme na imeyapokonya mabasi abiria, na hatujasikia mfuko ukilia. Tofauti ni kwamba abiria aliyehamia kwenye treni ameondoka na dizeli yake lakini ameondoka pia na uzito wake. Barabara imepata nafuu. Gari la umeme huondoa mchango na kuacha uchakavu palepale, tena betri hulifanya liwe zito kuliko mwenzake wa petroli.

Mapato mengine yatakayoguswa ni madogo, nami sitakaa nayo sana. Gari linalotii hamsini kwenye makazi halipigwi tochi, na faini ya shilingi 30,000 inakosa wa kuandikiwa. Hata Marekani ilibidi California itunge utaratibu mpya wa kuipelekea kampuni notisi pale gari linapokosea njiani. Ada ya maegesho katikati ya mji itapungua, kwa kuwa gari linaweza kumshusha mtu kisha likaenda kukaa bure pembeni ya mji, au likazunguka mitaani likimngoja, jambo ambalo kwa barabara ni baya zaidi. Kama watu wataacha kununua magari na kukodi ya kampuni, ushuru wa forodha na asilimia 18 ya ongezeko la thamani vinavyolipwa bandarini kwa kila gari kuukuu kutoka Japani navyo vitayumba. Upande wa pili wa daftari, serikali ni mwenye magari mengi kuliko mtu yeyote, na mishahara ya madereva, posho za safari na gharama za hospitali kwa majeruhi wa ajali ni fedha halisi. Sitajifanya kwamba dereva aliyesomesha watoto kwa usukani ni kipengele cha akiba tu.

Swali gumu ni la badala yake nini. Jibu linalokuja haraka, kwa sababu tumelizoea, ni LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa humo kila mwezi, na ikaonekana kuwa kile kilichoshindikana kwa miaka mingi kwa watendaji wa kata kubisha hodi kinawezekana kwa mita ya umeme. Lakini mita haijui umeme umekwenda wapi. Ukiongeza tozo ya barabara juu ya kila uniti, mchomelea mageti wa Chang'ombe na mama mwenye jokofu la maji baridi pale Nanenane wataanza kulipia barabara ambayo magari yao, kama wangekuwa nayo, yangetembea kwa petroli iliyokwisha kutozwa. Kwa gesi asilia jambo hili ni jepesi zaidi, kwa kuwa hujazwa vituoni. Katika bajeti ya 2024/25 serikali ilipendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kilo ya gesi inayotumika kwenye magari. Umeme hauna pampu. Hujazwa sebuleni.

Kurudisha ada ya mwaka ni rahisi, na nchi kadhaa zimefanya hivyo kwa magari ya umeme, lakini kungeturudisha kwenye dhuluma tuliyoifuta mwaka 2017. Gari linalokwenda kanisani Jumapili na gari linalotembea kilomita 300 kila siku bila dereva yangelipa sawa. Kwa magari yanayojiendesha kosa hilo huwa kubwa mara nyingi zaidi, kwa sababu kazi yake ni kutosimama.

Inabaki kilomita yenyewe. New Zealand imekuwa ikiyatoza magari ya dizeli kwa umbali kwa miongo mingi, na Aprili 2024 ikayaingiza magari ya umeme katika utaratibu huohuo. Iceland ilianza kuyatoza ya umeme kwa kilomita Januari mwaka huohuo. Jimbo la Oregon, Marekani, lina mpango wa hiari tangu mwaka 2015. Wapo wanaodhani kwamba jambo hili kwetu litahitaji mitambo ya ajabu. Ukweli ni kwamba tunalifanya nusunusu tayari. Lori la kigeni linalopita Dodoma na Singida kuelekea Rusumo hutozwa kwa dola kulingana na umbali linaotembea ndani ya nchi. Mabasi ya mikoani yana kifaa cha LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, kinachotuma mahali lilipo na mwendo wake, kiasi kwamba dereva akivuka kilomita 80 kwa saa anaonekana ofisini kabla hajafika Gairo. Anayeweza kujua basi lilikuwa na mwendo gani saa tano na dakika kumi anaweza pia kujua limetembea kilomita ngapi.

Ugumu uko kwa gari la mtu binafsi. Ukisoma mita ya dashibodi mara moja kwa mwaka, utakutana na mafundi ambao kila mnunuzi wa gari la mkononi anawajua, wale wanaorudisha nyuma kilomita laki mbili zikawa elfu themanini kwa nusu saa. Ukitumia setilaiti, dola itajua kila mtu alilala wapi, na sioni sababu ya kuikabidhi taarifa hiyo kwa ajili ya shilingi 14 za kilomita moja. Gari linalojiendesha, ajabu, linapunguza ugumu huu. Kampuni inayoliendesha ina kumbukumbu ya kila mita, inajua ndani kulikuwa na mtu au hapakuwa na mtu, na ni moja, haina wateja elfu wa kufuatiliwa. Kwa maoni yangu tozo ya kilomita ingeanzia hapo, tangu siku ya kibali cha kwanza, ikiwa na bei ya juu kwa kilomita tupu. Tukisubiri mpaka magari yawe mengi, tutakuwa tunawanyang'anya watu unafuu waliokwisha kuuzoea, na kila mwanasiasa anajua mwisho wa habari hiyo.

Nimesema barabara huchakazwa na uzito, na hapa wahandisi wana hesabu ambayo kila mlipa kodi angepaswa kuijua. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, kwenye lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli yenye uzito maradufu huumiza mara 16. Ekseli ya tani 10 huumiza mara 10,000 kuliko ya tani moja. Ndiyo maana kuna mizani njiani na kikomo cha tani 56 cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndiyo maana teksi ndogo isiyo na dereva, hata ikizunguka mji mzima bure, haitaivunja barabara ya Morogoro. Itaijaza foleni. Atakayeivunja ni lori linalojiendesha, na kwa namna ambayo wengi hawaitarajii: kwa kuendeshwa vizuri mno.

Tazama barabara yoyote kuu inayopitisha malori, jioni jua likiwa limelala upande. Utaona mifereji miwili kwenye kila njia, mahali ambapo matairi hupita. Lami imetitia katikati na kuvimba pembeni, na mvua ikinyesha maji husimama humo kama kwenye hori la ng'ombe. Mfereji ule ungekuwa na kina zaidi kama madereva wangekuwa wanyoofu. Binadamu huyumba kidogo, anasogea kushoto akipishana na basi, anasogea kulia akiona baiskeli, na kuyumba kwake hutawanya uzito kwa upana wa sentimita kadhaa. Kompyuta hushika mstari uleule kila siku. Malori mia yakipita juu ya upana uleule wa tairi, kwa jua la Novemba ambalo hulainisha lami, mfereji huchimbika haraka zaidi. Yakifuatana kwa karibu kama msafara ili kupunguza upinzani wa upepo, lami haipati muda wa kurudi, na daraja lililopigiwa hesabu ya lori moja moja hubeba matatu kwa wakati mmoja.

Dawa yake ipo na haigharimu chochote: kuyaamrisha malori yasogee, hili kidogo kushoto, lile kidogo kulia, ili uzito usambae kwenye upana wote wa njia. Yakiamrishwa hivyo barabara inaweza kudumu kuliko inavyodumu chini ya binadamu. Ila kampuni ya lori haina faida yoyote kwa kufanya hivyo, maana lami si yake. Ni sharti liandikwe kwenye kibali, na mwandishi wake awe mhandisi wa barabara, asiachiwe mwanasheria peke yake.

Magari haya pia yana madai yake. Hutegemea mistari ya rangi, kingo zinazoonekana, vibao visivyoinama. Katika Dodoma ya Agosti, upepo ukisukuma vumbi jekundu juu ya mstari mweupe hadi mstari usionekane, hata dereva mwenye macho mazima hukisia. Rasta na matuta yasiyo na kibao, ng'ombe wanaovuka jioni na mchungaji wa miaka tisa nyuma yao, askari wa trafiki aliyezima taa na kuongoza makutano kwa mkono kwa sababu king'ora kinasikika: yote haya mtu huyasoma kwa mazoea, na mashine itahitaji kufundishwa moja baada ya jingine. Kupaka mistari upya na kuifagia ni matengenezo, na matengenezo hulipwa na ule mfuko ambao tumeuona ukikauka. Nina wasiwasi na siku ambayo fedha itakwenda kwanza kwenye rangi ya barabara chache ili magari ya kampuni yaweze kusoma, na barabara nyingine zingoje.

Zinazongoja ni nyingi. TANROADS ina mtandao wa kilomita zipatazo 37,000. TARURA ina zaidi ya 144,000, na sehemu kubwa ya hizo ni udongo na changarawe. Gari la ngazi ya nne halitakwenda huko, angalau katika maisha ya msomaji wa leo. Hakuna mstari wa kufuata wala ramani inayodumu, maana korongo likijaa Januari njia huhamia kwenye shamba la mtama la jirani. Lakini fedha inayozitunza hutoka kwenye lita zinazochomwa kwenye lami za mijini. Zile foleni za asubuhi za kwenda Mtumba, pamoja na safari tupu za kufuata bahasha, ndizo zinazochangia dizeli ya greda linaloingia vijiji vya Bahi na Chamwino mvua zikikatika, kuchonga upya njia na kuzibua kalavati kabla ya malori kufuata mahindi na zabibu. Greda hilo lenyewe litaendelea kutumia dizeli na dereva kwa muda mrefu baada ya magari ya mjini kuviacha vyote viwili.